Kifafa: Wakati umeme wa ubongo unamwonyesha muganga mahali pa kupasula

Kwa wagonjwa wengi wa kifafa, kidonge cha kila siku kinatosha kuzuia krizi. Lakini karibu mgonjwa 1 kwa 3 anaendelea kuanguka hata akikunywa dawa sawasawa. Kwa sehemu ya hao, kuna njia nyingine: kupasula kichwa na kuondoa mahali padogo ambapo krizi inaanzia. Shida ni kupajua mahali hapo. Ubongo wenyewe unapaonyesha kupitia umeme wake, na waganga wamechukua karibu miaka 100 kujifunza kuusoma.

Kulingana na Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, watu karibu milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu 80% yao wako katika inchi zenye mapato ya chini na ya kati kama yetu. Shirika hilo linasema kwamba mpaka 70% yao wangeweza kuishi bila krizi kama wangepimwa na kutunzwa vizuri. Katika inchi maskini, watu 3 kwa 4 wenye kifafa hawapati matunzo wanayohitaji.

Huku mashariki mwa Kongo tunajua maana ya hesabu hizo. Mtoto anaangukia kwenye moto wa mbabula, mwingine anaanguka mtoni wakati wa kuchota maji. Msichana anaondolewa shuleni kwa sababu wenzake wanaogopa povu la kinywa chake, wakifikiri linaambukiza, wakati kifafa hakiambukizwi kwa mate. Familia inauza mbuzi na kiwanja ikizunguka kwa wafumu na vyumba vya maombi, na dawa inakuja ya mwisho.

Dawa ikikataa

Mwaka wa 2000, waganga wawili wa Glasgow, Patrick Kwan na Martin Brodie, walitangaza matokeo ya kufuata wagonjwa 470 ambao walikuwa hawajawahi kukunywa dawa ya kifafa. Kwa dawa ya kwanza, 47% waliacha kupata krizi. Dawa ya pili ikaongeza 13%. Kisha hapo mambo yakawa magumu: dawa ya tatu, au kuchanganya dawa mbili, ikasaidia 4% tu.

Somo la hesabu hiyo ni wazi. Kama dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kunywewa vizuri zimeshindwa, nafasi ya dawa ya tatu kufaulu ni ndogo sana. Ndiyo maana tangu mwaka wa 2010 waganga wa kifafa duniani wanakubaliana kwamba mgonjwa wa namna hiyo ana kifafa kinachokataa dawa, na kwamba anapaswa kutumwa kwenye hopitali inayoweza kumpima zaidi, bila kungoja miaka 20 akibadilisha vidonge.

Kungoja kuna bei yake. Kila krizi inaweza kuleta kuungua, kuvunjika ao kuzama. Kuna pia kifo cha ghafla: mtu mwenye krizi nyingi anakutwa asubuhi amekufa kitandani, bila sababu nyingine kuonekana. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wenye krizi kali zisizozuiliwa.

Ubongo unaongea kwa umeme

Ndani ya ubongo wa mtu mzima kuna seli za neva karibu bilioni 86. Zinazungumza kwa umeme mdogo sana. Umeme unaofika kwenye ngozi ya kichwa unapimwa kwa sehemu za milioni za volti, wakati betri moja ndogo ya toshi ina volti 1 na nusu. Katika hali ya kawaida, kila kundi la seli linafanya kazi yake kwa wakati wake. Krizi ya kifafa inatokea wakati seli nyingi zinaanza kutoa umeme kwa pamoja na kwa nguvu, kama soko zima linalopiga kelele kwa sauti moja.

Wakati mwingine kelele hiyo inaanza karibu ubongo mzima kwa mara moja. Kifafa cha namna hiyo hakina mahali pa kupasula. Lakini mara mingi inaanza kwenye kona moja, kisha inasambaa. Mgonjwa anaweza kusikia harufu isiyokuwapo, tumbo kupanda juu, kidole kuanza kucheza chenyewe, mbele ya kupoteza fahamu. Dalili hiyo ya kwanza ni ushahidi mkubwa: inaonyesha ni sehemu gani ya ubongo iliyoshikwa kwanza.

Hivyo ndivyo ilivyofanya kazi operesheni moja maarufu ya London. Mwaka wa 1886, Victor Horsley alimpasula kijana wa miaka 22 aliyekuwa ameumizwa kichwa utotoni. Hakukuwa na skana wala mashini ya umeme. Alifuata mambo mawili: kovu la kichwa, na mafundisho ya mwenzake John Hughlings Jackson, aliyekuwa ameonyesha kwamba kiungo kinachoanza kutetemeka kinaeleza mahali palipoguswa ndani ya ubongo. Lakini si kila mgonjwa ana kovu, na si kila krizi inaanza kwa kidole. Ilihitajika kusikia ubongo wenyewe.

Kutoka Jena mpaka Montreal

Mwaka wa 1924, muganga Mjerumani Hans Berger, wa mji wa Jena, alifaulu kuandika umeme wa ubongo wa binadamu. Alingoja mpaka 1929 mbele ya kuutangaza, na wengi hawakumwamini mara moja. Kipimo hicho ndicho tunachokiita leo EEG: waya ndogo, yaani elektrodi, zinabandikwa kwenye ngozi ya kichwa, na mashini inachora mistari inayopanda na kushuka. Hakiumizi, hakitii umeme ndani ya kichwa, kinasikiliza tu. Mwaka wa 1935, waganga wa Boston wakaonyesha kwamba aina fulani ya kifafa cha watoto ina mchoro wake wa pekee, mawimbi 3 kwa sekunde. Kifafa kikaacha kuwa siri: kikawa kitu kinachoonekana kwenye karatasi.

Huko Montreal, Kanada, mpasuaji Wilder Penfield alikuwa na sababu ya nyumbani ya kupigana na ugonjwa huo. Dada yake Ruth alikuwa na krizi kwa miaka mingi, na mwaka wa 1928 Penfield mwenyewe alimpasula na kukuta uvimbe mkubwa ndani ya ubongo. Alimwondolea sehemu kubwa lakini hakuweza kuumaliza wote, na baada ya miaka michache Ruth akafariki. Mwaka wa 1934 Penfield akafungua Taasisi ya Neva ya Montreal. Pamoja na Herbert Jasper, fundi wa EEG, wakaanza kuweka elektrodi moja kwa moja juu ya ubongo wakati wa operesheni.

Mgonjwa alikuwa macho. Ngozi ya kichwa ilitiwa dawa ya ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu ukiguswa. Penfield aligusa sehemu mbalimbali kwa umeme kidogo, na mgonjwa akaeleza: mkono umecheza, ulimi umekuwa mzito, nimesikia muziki. Kwa njia hiyo mpasuaji alijua mambo mawili kwa mara moja: mahali krizi inapotoka, na mahali asipopaswa kugusa kamwe kwa sababu pana kazi ya kuongea ao kutembea.

Kosa lililofundisha dunia

Hatari ya kupasula bila kujua mahali ilionekana mwaka wa 1953 huko Hartford, Marekani. Henry Molaison, kijana wa miaka 27, alikuwa na krizi kali ambazo dawa hazikuzizuia. Vipimo vya umeme havikuonyesha kona moja ya wazi. Hata hivyo mpasuaji William Scoville aliondoa sehemu za ndani za pande zote mbili za ubongo, kwenye usawa wa masikio.

Krizi zikapungua. Lakini Henry akapoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Aliweza kuzungumza nawe vizuri, ukitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, hakukumbuka kama mmeshaonana. Aliishi hivyo kwa miaka 55, mpaka kifo chake mwaka wa 2008. Uchunguzi wa Brenda Milner juu yake ulifundisha sayansi mahali kumbukumbu inapotengenezwa. Kwa wapasuaji wa kifafa, somo lilikuwa kali zaidi: usikate usichokijua, na usiondoe kamwe sehemu hizo pande zote mbili.

Kama mashini za Nyiragongo

Watu wa Goma wanaweza kuelewa kazi ya waganga hao kuliko wengi. Kila siku, Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma, OVG, kinasikiliza matetemeko ya Nyiragongo na Nyamulagira. Mashini moja juu ya ardhi inaweza kusema kwamba mlima unatetemeka. Lakini kwa kujua tetemeko limetoka wapi na kwa kina gani, zinahitajika mashini nyingi katika sehemu mbalimbali, na wataalamu wanalinganisha ni ipi imesikia ya kwanza.

EEG ya kawaida ni kama mashini zilizo juu ya ardhi. Mfupa wa kichwa na ngozi vinapunguza na kuchanganya umeme. Ikiwa krizi inaanzia mahali padogo na pa ndani, kipimo cha nje kinaweza kisione kitu, ao kikaiona wakati imekwisha kusambaa. Ndiyo maana EEG nzuri ya nusu saa haimaanishi kwamba mtu hana kifafa.

Hatua ya kwanza katika hopitali kubwa za kifafa ni kumlaza mgonjwa kwa siku kadhaa, elektrodi zikiwa kichwani na kamera ikimrekodi usiku na mchana. Dawa zinapunguzwa kidogo kidogo, chini ya ulinzi, na waganga wanangoja krizi ije. Ikija, wanalinganisha picha na mistari ya umeme: ni nini kilianza kwanza, mkono ama mstari? Wanaongeza picha za IRM, zinazoweza kuonyesha kovu, uvimbe ao sehemu iliyokauka, na vipimo vya kumbukumbu na lugha. Kama vyote vinaelekeza kidole kwenye kona moja, operesheni inaweza kufanyika bila kuingiza waya ndani.

Shida inakuja wakati ushahidi unapingana: IRM haionyeshi kitu, ama inaonyesha kovu kushoto wakati umeme unatoka kulia. Hapo ndipo wanashuka chini ya mfupa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, Jean Talairach na Jean Bancaud wa hopitali ya Sainte-Anne, Paris, walitengeneza njia wanayoiita stereo-EEG. Mpasuaji anatoboa matundu madogo kwenye mfupa, yenye upana wa milimita chache, na kupitisha elektrodi nyembamba, chini ya milimita 1, mpaka ndani ya ubongo. Mara mingi zinawekwa kati ya 8 na 16, na kila moja ina sehemu kadhaa za kusikilizia kutoka juu mpaka ndani. Mgonjwa anarudi kwenye kitanda chake na kungoja tena krizi, kwa siku kadhaa ao hata wiki mbili.

Njia nyingine ni kufungua mfupa na kulaza kipande chembamba chenye elektrodi nyingi juu ya ubongo. Kila njia ina faida yake: hii ya juu inachora vizuri ramani ya uso wa ubongo, ile ya sindano inafika sehemu za kina na za pande zote mbili bila kufungua kichwa kizima.

Krizi ikija, mstari mmoja unabadilika mbele ya mingine. Nyuma ya sekunde moja ama mbili, jirani yake anafuata, kisha sehemu nzima. Mstari ule wa kwanza ndio unaotafutwa. Waganga wanaweza pia kupitisha umeme mdogo katika elektrodi zilezile: ukileta dalili ambayo mgonjwa anaijua kuwa mwanzo wa krizi yake, ushahidi unaongezeka. Ukimfanya ashindwe kutaja jina la kitu kwenye picha, wanajua kwamba kisu hakipaswi kupita pale.

Kuingiza waya ndani ya ubongo si mchezo. Katika ripoti nyingi zilizokusanywa pamoja, kutoka damu ndani kulionekana kwa karibu mgonjwa 1 kwa 100. Ndiyo maana hakuna muganga mwenye akili anayefanya hivyo kama vipimo vya nje vinatosha.

Moshi na moto

Jambo moja linawasumbua wataalamu mpaka leo. Kati ya krizi na krizi, ubongo wa mgonjwa unatoa miali mifupi ya umeme. Miali hiyo ni rahisi kuiona, lakini inaweza kutoka kwenye eneo kubwa kuliko lile linalozalisha krizi. Ni kama moshi: unaonyesha kwamba kuna moto, lakini upepo unaweza kuusogeza mbali na jiko. Ukiondoa kila mahali penye moshi, utaondoa ubongo mzima unaofanya kazi. Ukiondoa kidogo sana, krizi zitarudi.

Watafiti walitumaini kupata alama iliyo karibu zaidi na moto, yaani mitetemo ya haraka sana, mara zaidi ya 80 kwa sekunde. Huko Utrecht, Uholanzi, wagonjwa 78 waligawanywa kwa kura: nusu walipasuliwa kwa kufuata mitetemo hiyo, nusu kwa kufuata miali ya zamani. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka wa 2022, hayakuonyesha kwamba alama mpya ni sawa na ile ya zamani. Alama iliyoonekana ya kisasa zaidi haikuishinda ile iliyojulikana tangu wakati wa Jasper. Ukweli wa namna hiyo unalinda wagonjwa kuliko matangazo mazuri.

Je, operesheni inafaulu?

Kwa muda mrefu wengi walikuwa na mashaka, kwa sababu hakukuwa na ulinganisho wa haki. Mwaka wa 2001, Samuel Wiebe na wenzake wa London, mji wa Ontario huko Kanada, wakautoa. Wagonjwa 80 wenye kifafa cha upande wa sikio la ubongo kilichokataa dawa waligawanywa kwa kura: 40 kwa operesheni, 40 kuendelea na dawa kwa mwaka mmoja. Katika kundi la operesheni, 58% hawakuwa tena na krizi za kupoteza fahamu. Katika kundi la dawa, 8% tu. Mtu mmoja wa kundi la dawa alifariki katika mwaka huo. Kwa upande wa pili, wagonjwa 4 waliumizwa na operesheni, wakiwemo 2 ambao kumbukumbu ya maneno ilipungua mpaka kuwasumbua kazini.

Mwaka wa 2017 yakaja matokeo ya watoto, na safari hii hayakutoka inchi tajiri. Katika hopitali ya AIIMS ya New Delhi, India, watoto na vijana 116 walifuatwa kwa mwaka mmoja. Kati ya waliopasuliwa, 77% hawakuwa tena na krizi. Kati ya waliobaki na dawa pekee, 7%. Hapo pia kulikuwa na gharama: baadhi ya watoto walibaki na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, jambo ambalo kwa operesheni fulani linajulikana na kuelezwa kwa wazazi mbele ya kutia sahihi.

Hesabu hizo zinasema mambo mawili. Operesheni inaweza kubadilisha maisha. Na haiponyeshi kila mtu: hata katika mikono mizuri, wengine wanaendelea na krizi, na wengi wanaendelea na dawa kwa muda.

Na kwetu?

Barani Afrika, operesheni za kifafa zinafanyika kwa miaka mingi katika inchi kama Afrika Kusini, Misri, Moroko na Tunisia. Karibu zaidi na sisi, hopitali ya watoto ya CURE, Mbale, mashariki mwa Uganda, ilionyesha kwamba inawezekana hata kwa vifaa vichache. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2009, wagonjwa 10 waliochaguliwa kwa makini, kwa kutumia EEG ya video na picha za kichwa, walipasuliwa pale, na wengi wao wakaacha kupata krizi. Siri ilikuwa katika uchaguzi: waganga walichukua wale ambao vipimo vya nje vilikuwa wazi, wasiohitaji waya za ndani.

Hapa DRC, Kituo cha magonjwa ya neva na akili, CNPP, cha Chuo Kikuu cha Kinshasa, kinajulikana kwa kutunza kifafa. Mashariki, vituo kama SOSAME cha Bukavu na Tulizo Letu cha Goma vinapokea wagonjwa wa akili na wa kifafa. Lakini safari ya kutoka kidonge cha kijijini mpaka meza ya mpasuaji bado ni ndefu sana, na vita vinaikata kila mara. Familia inayokimbia usiku inaacha dawa nyuma, na kuacha dawa za kifafa kwa ghafla kunaweza kuleta krizi zinazofuatana bila kupumzika, jambo linaloweza kuua.

Inafaa pia kusema ukweli mwingine: sehemu kubwa ya kifafa chetu haihitaji kisu. Kinatokana na shida za kuzaa, malaria ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, minyoo ya nguruwe na ajali. OMS inakadiria kwamba 25% ya kifafa kinaweza kuzuiwa. Katika maeneo ya Ituri na Bas-Uélé yenye ugonjwa wa upofu wa mito, watafiti Wakongomani pamoja na Robert Colebunders wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, wameonyesha kwamba vijiji vilivyo karibu na mito yenye nzi weusi vina kifafa kingi kupita kawaida. Kwa watoto wa huko, ivermektini inayogawiwa kila mwaka kijijini, ile tunayoiita Mectizan, inalinda zaidi kuliko mpasuaji yeyote.

Na kwa aliye mgonjwa tayari, mwanzo ni dawa. OMS inasema matunzo ya kila siku yanaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka. Fenobarbitali, inayojulikana kwa wengi kama Gardénal, inatumika tangu mwaka wa 1912 na bado inasaidia mamilioni. Wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wanapaswa kuongea na muganga mbele ya kuanza valproati, kama vile Dépakine, kwa sababu inaweza kuumiza mtoto aliye tumboni.

Kile familia inaweza kufanya leo

Wataalamu wote wa kifafa wanakubaliana kwamba kipimo cha kwanza ni habari inayoletwa na wale walioona krizi. Mbele ya EEG, mbele ya IRM, muganga anataka kujua: ilianza wapi? Kwa bahati, kipimo hicho hakiombi dola elfu.

Mtu akianza krizi, mwondoe karibu na moto ao maji, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko, kidole wala dawa kinywani. Usimzuie kwa nguvu. Angalia saa: krizi ikipita dakika 5, ama ya pili ikianza mbele ya kurudiwa na fahamu, mpeleke hopitali bila kungoja.

Mwenzako akimtunza, chukua telefone na urekodi video. Onyesha uso, macho na mikono yote miwili. Macho yamegeuka upande gani? Mkono upi umeanza? Alisema nini mbele ya kuanguka? Kisha andika katika daftari tarehe, saa, muda wa krizi, usingizi aliopata na dawa aliyokunywa ama aliyosahau. Daftari la miezi mitatu linaweza kumwonyesha muganga kama dawa inafanya kazi, kama kipimo cha dawa ni kidogo, ama kama mgonjwa ni kati ya wale ambao dawa mbili zimeshindwa kweli na wanaostahili kutumwa mbele.

Kwa serikali na kwa wanaotoa misaada, njia nayo inaonekana: dawa zisikosekane katika vituo vya afya, wauguzi wafundishwe kutambua kifafa, mashini za EEG zipate watu wanaojua kuzisoma, na kuwe na makubaliano na inchi jirani kwa wagonjwa wachache wanaohitaji operesheni. Uganda ilianza na wagonjwa 10.